Naomba ushauri: matairi ya Nissan Leaf
Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Ninatumia gari la umeme aina ya Nissan Leaf la mwaka 2015 hapa Nairobi, na matairi yake ya mbele, saizi 205/55R16, yamebaki vipara ilhali ya nyuma bado yana uhai. Nimezunguka maduka mawili: muuzaji wa kwanza alinishauri nichukue ya kawaida yenye kiwango cha mzigo 91 (namba inayoonyesha uzito ambao tairi linaweza kubeba), wa pili akasisitiza yaliyoimarishwa ya 94 kwa sababu ya uzito wa betri (kila mmoja, bila shaka, husifu alichonacho). Nachelea tairi gumu na zito litapunguza umbali ninaosafiri kwa chaji moja, ambao tayari umepungua kwa uchakavu wa betri. Je, 91 inatosha? Na nikinunua mawili tu, niyafunge mbele au nyuma?