Kibandiko cha jasho kinaweza kupima sukari?

binti_mwanza: Wakuu, Gatorade (wale wa vinywaji vya wanamichezo) wana kibandiko kinasoma jasho, baba yangu ana kisukari na kutobolewa kidole kila siku kumemchosha sana, nikimwagizia kitamsomea sukari?

kocha_wa_mbio: Hapana dada. Hicho Gx kilitoka 2021 kwa ajili ya wanamichezo, unabandika mkononi ukifanya mazoezi jasho linapita kwenye vijia vyembamba, rangi ya chungwa inaonyesha umetoka jasho kiasi gani, zambarau ni chumvi, unakipiga picha na simu apu inakwambia unywe kiasi gani. Ukishatumia unatupa.

nesi_wa_zamu: Sukari ya kwenye jasho ni kidogo mnooo kulinganisha na ya damu. Februari 2024 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilionya kuhusu saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, hawajaidhinisha hata moja. Mzee akichoma insulini kwa namba ya uongo sukari inashuka anazimia, tafadhali usijaribu! Muulize daktari wake kuhusu FreeStyle Libre, kifaa cha kupima sukari, inakaa nyuma ya mkono juu ya kiwiko na inasoma majimaji ya chini ya ngozi, ila bei imesimama.

binti_mwanza: Asanteni sana, kliniki ijayo nauliza hiyo Libre.