Njia ya magofu ya Posi, Ojo Caliente: ifungwe au iachwe wazi?

Mpandamlima: Wakuu, ile njia fupi inayoanzia nyuma ya mabwawa ya maji moto pale Ojo Caliente, New Mexico, hadi Posi, kijiji cha kale kule juu: hakuna mlinzi getini, na vigae vya mababu wa Watewa, Wapueblo wenyeji wa asili wa huko, vimetapakaa chini. Nasema wapande wenye kiongozi tu, la sivyo magofu yale yataishia mifukoni mwa watu.

Bint Shela: Magofu gani? Gofu lina kuta. Gedi ni magofu. Kuta za Posi zilikuwa za udongo, mvua za karne kadhaa zimeziyeyusha, yamebaki matuta. Hayo ni mahame.

Kobe Mzee: Watu wanajadili wizi, dada, wewe unasahihisha insha!

Bint Shela: Wizi wa macho ndio unaoanza. Mtu akiambiwa magofu anatafuta ukuta. Haoni, anakatiza juu ya tuta akidhani kilima. Kakanyaga vyumba vya watu. Na kile kishimo cha mviringo anachokaa kula sandwichi ni kiva, mahali pa ibada.

Dereva wa 285: Hata "mahame" litawaudhi. Wazao wa waliojenga pale wako Ohkay Owingeh na vijiji vingine vya Rio Grande, na kwao mababu bado wapo pale juu. Na kuwaita mababu hao "Anasazi" msilete kabisa, ni neno la Wanavajo, kabila jingine, Wapueblo wengi hawalitaki.

Kobe Mzee: Turudi kwenye vigae. Sheria ya kulinda vitu vya kale ipo tangu 1906, faini dola 500. Nani ataogopa?

Fundi Vigae: Unasoma ya babu, mzee. Ya 1979 inasema kosa la kwanza faini hadi dola 10,000 na jela hadi mwaka mmoja. Ila mimi wananikera zaidi wale wema wanaokusanya vigae na kuvipanga juu ya jiwe bapa. Kigae kikishahama hakisemi tena kilitoka chumba gani. Kitazame kilipo. Ukishakiinua, kirudishe palepale, upande uleule. Vile vya kijivu vyenye michoro myeusi vinaitwa vya biskuti, na ni biskuti ya wafinyanzi, yaani udongo uliochomwa bila kupakwa kioo, si ya chai.

Mpandamlima: Kwa hiyo ifungwe?

Bint Shela: Kwanza rekebisha kichwa cha mada.

Dereva wa 285: Anayekwenda apande kwanza, aoge baadaye. Maji ya moto hushusha presha, na pale ni kama mita 1,900 juu ya bahari, miguu italegea. Julai na Agosti awe ameshuka kabla ya adhuhuri, maana radi ni za mchana na juu hakuna pa kujificha. Mvua ikinyesha asubiri udongo ukauke. Ukiwa tope unanata kwenye soli, kila hatua inaondoka na kipande cha tuta.

Kobe Mzee: Bint Shela, hame linatokana na kuhama. Dereva kasema hawakuhama. Haya.

Bint Shela: Ganjo, basi.

Kobe Mzee: Ganjo nalo si mji uliohamwa?

Mpandamlima: Jamani, vigae!