Mashine ya nyasi imeitwa irudishwe kiwandani, lakini haina tatizo. Nifanyeje?

Mkatamajani
Wakuu, habari. Nina mashine ya petroli ya kukatia nyasi, niliinunua mkononi kwa mtu, haina risiti wala waranti. Nimekuta tangazo la kampuni kwamba tangi la modeli hii linaweza kupasuka na kuvujisha mafuta, hivyo tuache kuitumia. Yangu haijawahi kuvuja hata tone, inawaka mvuto wa kwanza. Fundi anasema tupake gundi kazi iendelee. Nyasi zimefika magotini. Ushauri tafadhali.

Bi Msumeno
Iweke pembeni leo leo. Tone moja likidondokea ekzosi ya moto, umeshaungua. Na huyo fundi mwambie gundi nyingi hulegea zikikaa na petroli.

Halafu hakikisha kama yako imo. Mara nyingi haiitwi modeli nzima, zinatajwa serial namba kuanzia hii mpaka ile. Tafuta kibandiko kwenye bodi ya mashine, futa tope kwa kitambaa (brashi ya waya itaondoa na namba zenyewe), piga picha. Angalia usichanganye: injini nayo ina namba zake, na wengi hutuma hizo kisha wanajibiwa mashine yao haihusiki.

Zungu la Nne
Iuze fasta kabla habari hazijasambaa 😂

Bi Msumeno
@Zungu la Nne umuuzie nani moto? Marekani sheria inakataza kuuza kitu kilichoitwa hivyo, hata kiwe mtumba.

Baba Jenereta
Risiti isikutishe. Kasoro ni ya kiwandani, kwa kawaida wanachotaka ni modeli na serial, na marekebisho ni bure hata kama waranti imekwisha. Waandikie kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao rasmi. Ukipigiwa na mtu anayedai ulipie kwanza, kata simu.

Na usidhani lazima upewe mashine mpya. Mwaka 2021 Generac iliita jenereta zaidi ya 300,000 huko Marekani kwa sababu mpini wa kubebea ulikuwa unakata watu vidole. Dawa yake ilikuwa kifaa kidogo cha kufunga kwenye mpini, basi. Wewe huenda ukaletewa tangi tu.

Mkatamajani
Asanteni. Nimeangalia, serial yangu imo. Waya wa plagi nimeuchomoa asije mtoto akaivuta. Ila tangi limejaa, nifanye nini na mafuta?

Baba Jenereta
Subiri injini ipoe kabisa, itoe nje, mbali na jiko na sigara. Nyonya kwa pampu ya mkono uweke kwenye dumu la petroli lenye kifuniko. Usivute kwa mdomo na mpira kama tunavyoona watu wakifanya. Na kama watataka uwatumie mashine, waambie kwanza ilikuwa na mafuta, wakupe utaratibu wa kuisafirisha.