Tupeane uzoefu: uliajiri watu hapa Lubumbashi, kitu gani kilikukwamisha?

SeremalaKatuba:
Bandugu, jambo yenu. Leo asubuhi kijana mmoja alisimama mlangoni pa karakana yangu, diploma ya uhandisi ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Hakuja kutafuta kazi ya uhandisi. Aliomba nimpe msasa apige milango, alipwe kwa siku. Nikamwambia sina, akasema "aksanti, papa", akaenda kuuliza kwa jirani. Tangu hapo sijatulia, maana karakana hii ilikuwa inajaa vijana, na leo tuko mimi na mdogo wangu tu.

Natengeneza milango na vitanda vya mulombwa, ile mbao ngumu. Mbao zinafika mjini zimeshalipiwa kwenye kila kizuizi cha barabarani. Halafu mlango wa unga wa mbao uliogandishwa unashushwa kwenye kontena, rangi tayari, unauzwa kwa bei ambayo mimi hata mbao zake sinunui.

Kila uchaguzi tunaambiwa sekta binafsi ndiyo itawapa vijana kazi. Sekta binafsi ndiyo sisi hawa. Aliyewahi kuajiri hata mtu mmoja aseme yaliyompata. Maoni ya siasa tuyaache, tuelezane mambo yenyewe.

MchomeleajiRuashi:
Kweli tupu, papa. Mimi ni mageti na madirisha. Toa mbao, weka chuma, mambo ni yaleyale.

MkateMoto:
Kwangu ni umeme. Kuoka mkate ni kazi ya usiku. Unga umekandwa, hamira imeanza kuumua, saa nane giza. Unga ulioumuka haungoji mtu. Ukiwasha jenereta, mafuta yanameza faida yote. Usipowasha, saa kumi na moja akina mama wanaotembeza mkate wanafika na mabeseni yao, wanaondoka mikono mitupu, na kesho wamehamia kwa mwingine. Nimewapoteza wengi hivyo. Kijana aliyekuwa mkandaji wangu bora sasa anaendesha pikipiki ya abiria.

Watu husema migodi ndiyo inatunyang'anya umeme. Hata migodi umeme hauitoshi: inanunua umeme nchi jirani na kuwasha jenereta zake. Lakini mgodi ukiwasha jenereta unatoa shaba. Mimi nikipandisha bei ya mkate kidogo tu, watu wanarudi kwenye mihogo, na siwalaumu.

KukuWaKipushi:
Mnasahau Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nilifuga kuku wa mayai njia ya Kipushi. Mayai ya Zambia yanavuka alfajiri, saa tatu yako sokoni kwa bei ya chini kuliko gharama yangu. Kuku wao wanakula mahindi na soya ya mashamba yao. Kuku wangu wanakula mahindi yaleyale, ila yakiwa yamevuka mpaka na kulipiwa ushuru na visivyo ushuru. Nitashindana vipi? Mpaka ufungwe hadi tujifunze kuzalisha.

MamaMpakani:
Ufungwe? Mwezi wa nane 2024 serikali yetu ilipozuia bia na vinywaji baridi vya Zambia, wao wakafunga mpaka kweli, siku chache tu. Malori yalipangana mpaka yasionekane mwisho. Siku zile bukari, ugali wa watoto wako, ilitoka wapi? Mimi ninaishi kwa mpaka huo, na wapakuaji, wavusha mizigo kwa baiskeli, wabadilisha kwacha, wote wanaishi kwa huo mpaka. Nazo ni kazi hizo, hata kama hazina karatasi.

KukuWaKipushi:
Mama, sikukutukana. Nasema nchi yenye ardhi kama ya kwetu hapa haipaswi kununua yai ng'ambo.

MamaMpakani:
Basi nenda kalime hayo mahindi, halafu uje ufunge mpaka. Kwanza shamba.

KukuWaKipushi:
Nililima. Mbolea ilifika mvua zimeshaisha.

MamaOvaroli:
Nimesoma kimya tangu juu, lakini hapo MkateMoto aliposema "mikono mitupu" nimeshindwa. Niacheni niseme yote.

Nilikuwa na karakana ya ushonaji Kamalondo. Ovaroli za kazi na vizibao vya kung'aa vya wachimbaji. Nilianza na mashine ya kukanyaga, nikafika mpaka mashine za umeme na ovaloki mbili, zile za kupiga kingo za nguo. Niliajiri wajane wawili wa mtaani na wasichana waliomaliza shule ya ushonaji bila mtu wa kuwachukua. Niliingia kwa sababu ya ile sheria ya Februari 2017 inayosema kazi za ukandarasi mdogo ni za kampuni ambazo Wakongomani wana hisa nyingi. Nikajiambia sasa mlango umefunguliwa na sisi tupite.

Mlango ulifunguliwa kweli, ila kati yangu na mgodi walisimama watu wawili. Mkataba ulikuwa wa kampuni moja yenye ofisi na kompyuta bila mashine hata moja ya kushonea. Hiyo ikamkabidhi mwingine, naye ndiye aliyenipata mimi. Kila mmoja alikata chake. Bei iliyonifikia ilikuwa na nafasi ya kitambaa, uzi na mshahara, basi. Nikakubali, kwa sababu kazi ya mgodi ni kazi ya kurudia, na wasichana wangu walikuwa wanafika kila siku saa moja asubuhi.

Kitambaa nilikopa kwa dola kwa mfanyabiashara wa mjini. Tulishona mpaka usiku, umeme ukikatika tunakata vitambaa kwa taa ya simu tukingoja urudi. Tulikabidhi kwa wakati, fakture, yaani ankara, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ikaanza safari. Mara haijasainiwa, mara aliyesaini yuko safarini, mara mgodi haujamlipa aliye juu yangu. Mwenye kitambaa hakutaka kusikia habari za aliye juu yangu.

Katikati ya hayo wakaja watu wa kodi na ada, kila mmoja na kitabu chake cha risiti: huyu kibao cha nje, huyu usafi, huyu patanti ya biashara, huyu mazingira, na mwingine ambaye mpaka leo sijaelewa alitoka idara gani. Mmoja alitufungia mlango na karatasi yenye muhuri, na ndani kulikuwa na oda ya pili nusu imeshonwa. Nililipa ili nifungue, sikupewa risiti.

Halafu Februari 2025 serikali ikasimamisha mauzo ya kobalti nje ya nchi kwa sababu bei duniani ilikuwa chini sana. Nchi hii inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, sikatai kwamba tulikuwa na haki ya kutetea bei. Lakini mgodi ukibana mkono, wa kwanza kubanwa ni yule aliye chini kabisa ya ngazi. Nikaambiwa manunuzi yamesimama. Fakture ya kwanza bado haijalipwa.

Siku ya mshahara ikafika. Wafanyakazi walikaa kwenye benchi, hakuna aliyesema neno. Mmoja alikuwa amekuja na mtoto mgongoni, ana homa, alipanga kupokea na kwenda naye hospitali moja kwa moja. Nikapiga simu kwa mshonaji mwenzangu wa Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, ambaye siku zote alikuwa anaitamani ovaloki yangu. Alikuja na kijana wa mkokoteni. Akaanza kubishana bei palepale, mbele yao, anaona hali yangu na anashusha, anashusha. Nikauza. Nikawalipa mmoja mmoja, nikaanza na mwenye mtoto. Mjane mmoja alipopokea akanirudishia nusu, akasema, "Mama, weka ya uzi." Niliingia chumba cha nyuma nikalia mpaka sauti ikanikauka.

Mashine nyingine zilifuata. Karakana ile sasa ni duka la vocha za simu. Kwa hiyo nikisikia redioni kwamba vijana wa hapa hawataki kujiajiri, nazima redio.

MchomeleajiRuashi:
Mama. Sina la kusema.

DadaBelAir:
Mtoto alipona?

MamaOvaroli:
Alipona, Mungu asifiwe. Ilikuwa malaria. Sasa anatembea.

KijanaGolf:
Taja kampuni hiyo tuiaibishe.

SeremalaKatuba:
Hapana, majina tusiyaweke hapa. Mama bado anadai pesa yake.

FundiBomba:
Dawa ni moja: usishike mkasi kabla ya kupokea malipo ya awali. Nusu mkononi, ndipo kazi.

MkateMoto:
Ukisema hivyo, anageuka anamwita aliyeko nyuma yako, naye hana masharti. Nani hapa amewahi kupewa nusu na kampuni? Ajitokeze.

FundiBomba:
Mimi.

MkateMoto:
Kampuni au padri?

FundiBomba:
Parokia, ndiyo. Lakini walilipa.

KijanaGolf:
Andika mikataba kwa dola, hapo umejilinda.

MamaMpakani:
Mwaka 2025 dola ilipoanguka ghafla mbele ya franga, waliojilinda kwa dola ndio waliolia. Bei za sokoni hazikushuka nayo. Weka likelemba, kuchanga na kupeana kwa zamu, na watu unaowafahamu, ndiyo benki isiyokudai hati ya nyumba.

DadaBelAir:
Mimi ningesema Mama Ovaroli ahamie Kolwezi kwenye migodi, ndiko pesa iliko tangu jimbo la Katanga ligawanywe 2015.

MchomeleajiRuashi:
Kolwezi kodi ya nyumba inaombwa kwa dola na miezi ya mbele. Nimetoka huko. Asihame.

WaKampemba:
Mnazunguka tu. Kazi zinachukuliwa na watu wa Kasai wanaoshuka na treni kila wiki. Mji ungebaki wa wenyewe, zingetosha.

MzeeWaPosho:
Kijana, futa hayo. Mimi nilikuwa mtu mzima 1992 na 1993, niliona majirani wa Kasai wakifukuzwa na kulala kituo cha treni Likasi na watoto wao, wengine wakazikwa njiani. Niambie baada ya hapo ni kiwanda gani kilifunguliwa, na nani alipata kazi. Uzalishaji ulizidi kuporomoka. Waliomfanya huyu mama auze ovaloki yake hawakushuka na treni.

WaKampemba:
Mzee, sikusema watu wafukuzwe.

MzeeWaPosho:
Hata wakati ule ilianza na maneno.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mwaka 1986 ilitoa tani kama 476,000 za shaba, na ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, posho ya unga kila mwezi, shule, hospitali. Mgodi wa Kamoto ukabomoka 1990, kila kitu kikashuka. 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango wa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mwaka 2024 nchi ilipita tani milioni 3. Shaba ni nyingi kuliko siku zote, na bado mwenye diploma anaomba msasa. Mashine kubwa ndizo zinachimba siku hizi, siyo mikono mingi. Kwa hiyo kazi haitatoka shimoni. Itatoka kwa wale wanaoliuzia shimo ovaroli, mageti, mkate na mayai. Zamani vitu hivyo vilinunuliwa hapahapa mjini, na vililipwa.

KijanaGolf:
Kwa heshima yote, mzee, posho hiyo ilifundisha watu kungoja Leta, yaani serikali. Baba yangu alingoja mpaka amefariki.

MzeeWaPosho:
Pole kwa baba. Lakini mama huyu alimngoja nani? Alishona usiku.

KijanaGolf:
Hapo sina jibu.

SeremalaKatuba:
Mzee amenikumbusha kitu. Sheria ya migodi ilivyorekebishwa 2018 inalazimisha kila kampuni ya mgodi kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Mara nyingi zinajengwa shule. Shule inahitaji madawati, milango, sare. Kwa nini kamati zinazosimamia fedha hizo zisiandike kwamba madawati yatengenezwe na maseremala wa eneo hilo, na yalipwe yakikabidhiwa? Madawati ninayoyaona yanakuja yamefungwa kwenye malori kutoka mbali.

MchomeleajiRuashi:
Dawati lina chuma na mbao. Mimi na wewe tunalimaliza.

FundiBomba:
Kamati hizo zina wenyewe. Mtapoteza nauli.

SeremalaKatuba:
Tupoteze nauli basi, tujue mlango wao uko wapi. Kipushi ni karibu.

KukuWaKipushi:
Mkija Kipushi mniambie, kuna mjumbe wa kamati moja ninayesali naye. Siahidi kitu, ila atawapokea.

DadaBelAir:
Mama Ovaroli, mashine gani imebaki?

MamaOvaroli:
Ile ya kukanyaga, na meza ya kukatia.

DadaBelAir:
Mimi ni mwalimu. Wazazi wa shule yetu wananunua sare mwezi wa nane, wanalipa mkononi, hakuna fakture. Rangi ni bluu na nyeupe. Nitaongea na mkuu wa shule Jumatatu, nitakuandikia pembeni.

MkateMoto:
Shule ndiyo, wazazi wanapiga kelele lakini wanalipa.

KijanaGolf:
Msimpe matumaini bure, shule nyingi zina mshonaji wao.

DadaBelAir:
Wetu amehamia Kolwezi.

MamaMpakani:
Kitambaa cha sare usikope tena mjini. Ng'ambo ni nafuu, na mizigo midogo ya siku ya soko mimi najua inavyovuka kihalali na ushuru wake. Niambie mita ngapi na rangi, utanilipa wazazi wakilipa. Kuku, usianze.