Nimejitoa kwenye grupu la tuliosoma wote chuo cha ualimu. Msinirudishe!

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la mapenzi, hauna mapenzi ndani yake.

Nina miaka 47, mwalimu wa shule ya msingi, na Jumapili saa nne usiku nimejitoa kwenye grupu la wenzangu wa chuo. Chuo sikitaji, maana wengine wao wamo humu humu na najua watasoma. Grupu lina watu 143. Mimi nilikuwa mtu wa tisa kuingizwa, mwaka 2014. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha herufi kubwa na ndogo asubiri nimalize.

Sisi ni zao la MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Wa rika langu mnakumbuka: ada ya shule za msingi ikafutwa, kufika 2002 watoto wamefurika, walimu hawatoshi, basi tukapikwa haraka haraka. Mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili tayari uko darasani na watoto mia na kitu, nusu wamekaa chini. Kwa hiyo kukaa pamoja tulikaa mwaka mmoja tu. Ila mwaka ule! Foleni ya maji alfajiri, maharage ya kuchagua wadudu, andalio la somo linaandikwa kwa mshumaa, zana za kufundishia za maboksi na vifuniko vya soda. Tulipokwenda BTP, yale mazoezi ya kufundisha, mimi nilivaa viatu vya mtu mwingine, vimenizidi namba mbili, mbele nimeshindilia gazeti.

Mwenye viatu ndiye ninayemwandika hapa. Nitamwita Kengele, maana ndiye alikuwa anaigonga ile ya saa kumi na moja alfajiri, na alikuwa anaigonga kwa raha kabisa, mshenzi yule.

Tulipomaliza tukatawanywa. Kengele akapangiwa Tabora, mimi nikatupwa Mpanda, enzi hizo bado ni Rukwa. Mshahara wangu wa kwanza ulichelewa miezi minne. Nilikuwa nakula kwa mwenye duka kwa daftari, mpaka mke wa mwenye duka akaanza kuniangalia vibaya. Nikamwandikia Kengele barua, sikuomba hela, nilikuwa najilalamisha tu. Wiki tatu baadaye jamaa mmoja wa treni ya Tabora ananiulizia stesheni, ananikabidhi kitabu cha Hisabati darasa la tano. Ndani, kati ya kurasa za sehemu, kuna noti ya elfu kumi. M-Pesa haikuwepo wakuu. Mtu alichukua hela yake, naye mshahara ule ule wa daraja la IIIA, akaitia kwenye kitabu akaiamini treni.

Sasa njooni kwenye grupu.

Lilipoanza lilikuwa tamu, sitadanganya. Wiki ya kwanza watu walikuwa hawalali, "we si ndiye ulianguka na ndoo?", picha zilizofifia za mahafali zikapigwa picha tena kwa simu. Nadhani raha ile ilidumu miezi miwili. Baada ya hapo likageuka kamati ya sherehe. Harusi ya mdogo wake fulani, send-off ya binti wa fulani, kipaimara cha mtoto wa mtu ambaye sijamwona tangu 2003. Kadi ya singo elfu hamsini, ya dabo laki. Kila siku orodha inabandikwa upya, jina, ahadi, alama ya vema, na chini kabisa "wenye ahadi tunaomba tukamilishe". Ukichelewa jina lako linabaki uchi bila vema na watu 142 wanakutazama.

Katikati ya orodha kuna wale wa fursa. Virutubisho, viwanja, forex. Mtu hajakupigia miaka kumi, siku akipiga anaanza "mwalimu mwenzangu, hivi umeshafikiria maisha baada ya kustaafu?" Nimefikiria ndugu yangu, tena nikifikiria kikokotoo cha mafao silali, lakini sitauza majani ya chai ya kusafisha ini kwa walimu wenzangu wenye mikopo ya kausha damu.

Waliopanda vyeo nao wana tabia yao. Maafisa elimu na wakuu wa idara hawachangii neno, wanasoma tu. Ila siku ya kuzaliwa kwa mmoja wao utaona salamu zinavyoshindana kwa urefu. Hilo niliache, ni njaa zetu.

Kengele alihamia Dar kumfuata mwenza, yuko Chanika. Mimi niko Mbande. Mnaoijua njia ya Msongola mnajua huo si umbali wa kumshinda mtu mzima. Tulionana mara ngapi kwa miaka sita? Mara mbili, na zote mbili kwenye misiba. Kila tukiachana "tutafutane bwana". Tulikuwa tunatafutana kwa stika.

Mwaka jana figo zikamkataa. Presha ya muda mrefu, ndivyo alivyoambiwa. Akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kule mjini, kila safari anakaa kwenye mashine kama saa nne. Kabla wajuaji hawajaanza: bima anayo, sisi walimu tunakatwa kila mwezi, na bima ililipa kusafisha. Haikulipa nauli. Mtu akitoka kwenye mashine ile hawezi kusimama kwenye daladala la Gongo la Mboto, wapi tena akaunganishe la Chanika. Anahitaji gari, au basi tu mtu wa kumshika mkono na kumgombania siti. Mkewe naye mwalimu, ruhusa za kila siku mbili hazipo.

Haya yote nimeyajua msibani.

Alifariki mwezi uliopita. Na hapo ndipo grupu langu pendwa likaamka! Ndani ya siku mbili zimechangwa milioni nne, laki tatu na hamsini. Tisheti zenye picha yake elfu kumi na tano kila moja. Shada. Hema la ziada. Basi la kupeleka watu. Kamati ikakaa, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mratibu wa chakula. Mjumbe mmoja akasoma salamu za "familia yetu ya chuo" kwa sauti ya kutetemeka, akasema tulikuwa naye bega kwa bega. Mjane alikuwa anaangalia chini.

Mimi nafundisha hisabati darasa la sita, ngoja nipige hesabu. Gari la kumrudisha nyumbani tuseme elfu ishirini na tano. Mara tatu kwa wiki, elfu sabini na tano. Kwa mwezi, laki tatu. Hela ya msiba ingembeba mwaka mzima na chenji inabaki. Yeye alihangaika miezi saba.

"Hatukujua", ndilo neno nililolisikia pale msibani kuliko amina. Na mimi nililisema, tena nililisema kwa mjane. Akanijibu taratibu tu, "Shemeji, mbona aliandika kwenye grupu lenu?"

Nikarudi nyumbani nikaanza kupandisha juu. Saa nzima kidole kinateleza. Harusi, harusi, kiwanja Kibaha, video ya nyoka, asubuhi njema yenye maua, harusi. Nikaikuta. Mwezi wa tatu, Jumatatu jioni: "Ndugu zangu habari za majukumu. Kesho nina kliniki mjini, mama watoto ana mitihani ya wanafunzi. Kama kuna aliye karibu anisindikize nitashukuru. Sihitaji mchango." Neno kwa neno. Sihitaji mchango!

Dakika moja baadaye mtu akabandika orodha ya vitenge vya sare, walikuwa wanabishana kijani au zambarau. Ujumbe wake ukazama. Ulijibiwa kwa alama ya mikono miwili ya maombi tu, watu wanne. Nikagusa nione ni akina nani.

Wa tatu ni mimi.

Sikumbuki kuuweka. Labda nilikuwa ofisini nasahihisha, labda nilisoma "habari za majukumu" nikajua ni salamu. Ila jina langu lipo pale na siwezi kuligeuza. Mbande na Chanika, wakuu. Mtu aliyenitumia elfu kumi kwa treni.

Jumapili nikaiandika hiyo kwenye grupu. Nikapiga picha ujumbe wake nikauweka, na hesabu yangu chini, na jina langu nikalizungushia duara jekundu ili mtu asiseme nawasema wengine. Kimya kama dakika tano hivi. Kisha admin: "Mwalimu tusileteane hisia hasi, wenzetu bado wana majonzi." Mwingine: "Kila kitu ni mipango ya Mungu." Wa tatu akabandika orodha mpya. Kuna send-off mwezi ujao.

Nikatoka.

NYONGEZA: Naona mnasema nimekimbia, ningebaki nibadilishe grupu. Mkuu uliyeandika hivyo, watu 143 hawabadilishwi na aya. Nimechukua daftari nikaandika majina ya niliowahi kulala nao bweni moja, nimefika kumi na tisa. Namba ninazo za kumi na wawili. Jana nimempigia mmoja yuko Nachingwea, akapokea akasema moja kwa moja, "Shilingi ngapi?" Ilinichukua dakika nzima kumshawishi kwamba sina harusi.

NYONGEZA 2: Wanaoniuliza kama wenzangu wamenitafuta tangu nitoke: ndiyo, mmoja. Mweka hazina kapiga leo saa nne asubuhi nikiwa darasani. Kasema, "Mwalimu, umeondoka na deni la tisheti." Nimemtumia elfu kumi na tano yake. Na ya kutolea.