Mistari miwili inayogusa duara: upande upi unalingana na upi?

MtotowaWete
Assalaam alaykum wakubwa zangu. Niko kidato cha tatu, skuli ya huku Wete. Duara lina kitovu O na nusu kipenyo cha sm 6. Nukta P iko nje, OP ni sm 10. Kutoka P imechorwa mistari miwili, mmoja unaligusa duara kwenye T, wa pili kwenye S. Tunatakiwa urefu wa TS.

PT nimeipata kwa Pythagoras: 100 toa 36 ni 64, basi PT ni sm 8. TS inakatana na OP kwenye F kwa pembe mraba. Nikaiita OF x, nikaunda milinganyo miwili, jawabu likatoka, lakini karatasi nzima imejaa. Kaka yangu anasema pembetatu zinazofanana zinamaliza kwa mstari mmoja. Naziona tatu: OTP, OFT na TFP. Sijui upande upi unalingana na upi, na nikibahatisha napata 7.5 au 13.3. Nyie mnatambuaje?

Maalim_Chake
Waalaykum salaam mwanangu. Hapa wanapotea wengi, wala si kwa uvivu. Kwenye mchoro hizo pembetatu kila moja imelala upande wake, jicho halina pa kushika.

Weka kalamu chini kwanza. Tafuta karatasi ngumu, hata ya mfuko wa saruji, kata pembetatu mraba ya sm 12, 16 na 20. Ni ile yako, mara mbili. Ikunje kuanzia kona ya pembe mraba, mkunjo uangukie upande mrefu wima kabisa, kisha kata hapo. Kipande kidogo kizungushe robo mzunguko bila kukipindua, kilaze juu ya kikubwa, pembe mraba juu ya pembe mraba. Pande zao ndefu zitakwenda sambamba. Ukitaka kukilinganisha na pembetatu nzima, hapo lazima ukipindue, na huko ndiko kunakochanganya watu.

Sasa rudi kwenye daftari. Pembe ya O itie nukta, ya P itie mkato. Nukta na mkato zikijumlishwa ni digrii 90. Ndani ya OFT, O ina nukta, kwa hiyo T imebaki na mkato. Ndani ya TFP, P ina mkato, basi T ina nukta. Andika kila jina kwa mpango mmoja: nukta, pembe mraba, mkato. Yanatoka OTP, OFT, TFP, vile vile ulivyoyaandika! Herufi zinakwambia zenyewe: FT inalingana na TP, OT inalingana na OP. FT = 8 × 6 ÷ 10 = 4.8. OP inaigawa TS katikati, basi TS ni sm 9.6.

Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliliweka jambo hili kwenye kitabu cha 6 cha Elements, pendekezo la 8. Usilihifadhi kama kanuni. Tia alama zako kila mara.

Seremala_Mkoani
Maalim kasema kweli. Mie vile vipande viwili natumia kwenye matao ya milango. Mteja anataka upana wa sm 160, tao lipande sm 40 katikati. Kitovu hakijulikani kiko wapi. Nusu ya upana ni 80, nayo inasimama wima juu ya kipenyo. Upande mmoja wa kipenyo 40, wa pili hatuujui. Kwa vile vipande viwili, 40 kwa 80 ni sawa na 80 kwa huo wa pili. 80 × 80 ni 6400, gawa kwa 40, unapata 160. Ongeza ile 40, kipenyo kizima 200, nusu yake 100. Napiga msumari, nachora kwa waya. Kamba usitumie, inavutika na tao linaharibika.

MtotowaWete
Ahsanteni sana. Nimehakikisha: OF ni 36 ÷ 10 = 3.6, FP ni 6.4. Nikizidisha napata 23.04, na 4.8 × 4.8 ni hiyo hiyo. Fundi, na tao likipanda kuliko nusu ya upana?

Seremala_Mkoani
Hesabu haibadiliki. Upana 80, kupanda 80: 40 × 40 ni 1600, gawa kwa 80 ni 20. Kipenyo 100, nusu yake 50. Ila kitovu sasa kiko sm 30 juu ya mstari wa upana, basi ubao wa kupigia msumari uupachike humo humo ndani ya uwazi wa tao.