Watoto wanacheza msiba uani, niwakataze?

Mama Nasri:
Wazazi wenzangu, nisaidieni. Tumemzika mama mkwe hapa Tanga wiki ya tatu sasa. Wangu ana miaka mitano, na bibi ndiye aliyekuwa akilala naye. Siku ya mazishi hakutoa hata chozi. Sasa kila jioni yeye na watoto wa jirani wanacheza msiba! Gunzi la hindi wamelivika kipande cha kanga yangu, ndiyo maiti. Mmoja shehe, wawili wanapika pilau ya mchanga kwenye vifuu, wangu ndiye mfiwa: kajikunyata mkekani, wenzake wanakuja kumhani. Shangazi yake anasema huo ni uchuro, niwacharaze. Mkono unakuwa mzito.

Mwalimu wa Awali:
Poleni sana. Usiwacharaze. Siku ile nyie wakubwa mlilia, yeye nadhani aliambiwa akacheze nje. Basi ndiyo anacheza. Na hayuko peke yake: anayempa pole lazima afikirie mfiwa anajisikiaje, anayetaka ushehe lazima angoje zamu. Mwanasaikolojia mmoja wa Kisovieti, Lev Vygotsky, alisema tangu 1933 kwamba mtoto mchezoni ni kama amejizidi kimo kwa kichwa kizima. Nayaona darasani. Nina mmoja hatulii dakika mbili, lakini mpe uaskari wa geti, utamkuta kasimama wima hata nzi akimtua puani. Ila akianza kugoma kula, au usingizi ukimpaa, au akijitenga na wenzake, mpeleke akaonwe.

Babu Kijiweni:
Sisi tulicheza kibaba na kimama mpaka giza. Msiba tuliujaribu mara moja, tukachapwa wote, na shehe wetu akachapwa zaidi. Mimi ningewaambia dua wasiiigize, hayo mengine waache. Na kanga waombe kwanza!

Mama Nasri:
Ahsanteni. Leo nilijibanza dirishani. Wakagombania nani awe mfiwa, yule wa jirani akaanza kulia kweli kweli. Wangu akamwambia, "Haya, leo kaa wewe, mimi napika." Akachota mchanga kwa kifuu, akamimina kwenye jani la mgomba, akaenda kuchuchumaa mbele yake: "Kula mwanangu, hata tonge mbili." Sauti ya bibi yake hasa. Nilirudi jikoni. Kanga nimewaachia.